Msaada wadau: pip inadai kompaila, nshashusha kila nlichoambiwa na bado inagoma

mwana_mtambwe:

Asalam alaikum wadau, natumai nyote wazima. Mnivumilie maelezo marefu kidogo mana leo siku ya tatu nimekaa na hili jambo na sitaki kuficha kitu halafu nijibiwe nusunusu.

Nnamuandikia ami yangu programu ndogo ya shamba. Ana mikarafuu yake huku Mtambwe na msimu ukiingia wachumaji wanakuwa wengi, kila mtu analipwa kwa pishi alizochuma siku hio, na hesabu zote ziko kwenye daftari. Jioni watu wamechoka, giza linaingia, huyu anasema nimechuma pishi sita daftari linasema tano, basi yanakuwa maneno na wakati wote ni watu wa mtaa mmoja. Nkamwambia ami ntakufanyia kwenye laptopu, tunaingiza pishi za kila mtu palepale na yeye mwenyewe anaona, mwisho wa wiki inatoa jumla, na karafuu zikishakauka tunaingiza na kilo kabla hazijapelekwa kituoni kuuzwa. Rafiki yangu alioko Unguja kanitumia msimbo wake aliofanyia hesabu za duka, umeandikwa kwa Python, ndani yake mna faili la requirements.txt lenye majina ya pakeji zinazotakiwa, na pip ndio ya kuzishushia, nkaandika

pip install -r requirements.txt

nkasubiri. Mwanzo imekwenda vizuri, inashusha hiki inashusha kile, ikafika kwenye Installing build dependencies ikasimama hapo muda mrefu kweli, mwisho ikatoa maandishi mekundu skrini nzima. Laini za mwisho ni subprocess-exited-with-error halafu inasema pengine tatizo si la pip.

Nkauliza mtu akanambia huna C++ wewe, kashushe Visual C++. Nkashusha ile Redistributable ya x64, ikaingia vizuri, nkazima nkawasha, kosa lile lile. Wa pili akanambia weka Visual Studio Code, nnayo tokea zamani. Wa tatu akanambia Build Tools, nkakifungua kile kiinstola nkaona kinataka gigabaiti kadhaa na bando langu halifiki hata robo. Nkanunua jengine la usiku, likafika nusu umeme ukakata.

Laptopu ni Windows 10, Python ni 3.13 nimeiweka mwezi huu. Naombeni msaada, ami ananiuliza kila siku.


fundi_darajani:

Waalaikum salam, pole sana yakhe. Kwanza hio Redistributable iache, haihusiani. Ile inasaidia kuendesha programu iliyokwisha kutengenezwa na mtu mwengine, yenyewe haitengenezi kitu. Watu wengi wanaichanganya kwa sababu ya jina. Na VS Code nayo ni ya kuandikia tu, ndani yake hamna kompaila, yaani kile kinachougeuza msimbo kuwa programu.

Unachotaka ni Build Tools za Microsoft, ndizo zenye kompaila, hapo yule wa tatu kakwambia sawa. Tafuta bando kubwa, fungua kiinstola, tia tiki kwenye Desktop development with C++, iache ishushe hadi mwisho. Mie kompyuta za wateja wangu wote wanaosoma programu naweka hio siku ya kwanza na sijarudi tena kwenye hili tatizo.


dada_tunguu:

Kaka fundi samahani, sikukatalii, kitu ulichosema ni cha kweli. Ila kabla huyu ndugu yetu hajatoa tena pesa ya bando mie nataka nijue jambo moja: kwa nini pip imeamua kujenga? Mana pakeji za hesabu na majedwali kama pandas na numpy kwenye Windows kwa kawaida zinakuja tayari, hazihitaji kompaila yoyote. Ukiona pip inatafuta kompaila kwa ajili ya pandas jua kuna kitu kimeilazimisha.

mwana_mtambwe naomba usitupe laini za mwisho, za mwisho ni kilio tu. Panda juu, tuwekee pale ilipoanza kusema Collecting na jina la faili iliyoshusha. Na tuwekee lile faili la requirements.txt lina nini.


mwana_mtambwe:

Ahsante dada. Faili lina laini nne, inayogoma ni hii

pandas==2.1.4

na huko juu nimekuta hivi

Collecting pandas==2.1.4
Using cached pandas-2.1.4.tar.gz
Installing build dependencies

halafu chini yake ndani ya yale mekundu kuna numpy-1.26.4.tar.gz, kisha inasema haikupata vswhere.exe, kisha Unknown compiler na majina yamepangwa icl, cl, cc, gcc, clang na mengine.


dada_tunguu:

Hapo hapo. Jawabu lako liko kwenye herufi tano, tar.gz.

Ngoja nikueleze polepole mana hili mie lilinitesa mwaka wangu wa kwanza chuoni na hakuna alionielezea, nilikuwa nakopi amri za watu tu.

Pakeji moja ya Python inaweza kukufikia kwa namna mbili. Ya kwanza inaitwa wili, faili lake linaishia na .whl, hilo limeshajengwa na wenyewe huko waliko, pip inalifungua tu na kulipanga mahala pake, dakika haifiki. Ya pili ni msimbo ghafi, hio tar.gz, hapo unapewa maandishi ya C na mengineyo uyajenge mwenyewe kwenye mashine yako. Ni sawa na mtu kwenda kununua mkate wa mofa, kuna siku anaukuta umeshatoka tanurini anaukamata anakwenda zake, na kuna siku anapewa unga wa mtama anaambiwa haya kapike. Kama nyumbani hana tanuri, unga haumfai kitu hata uwe mzuri vipi. Kompaila ndio tanuri. Na pip ilikuwa inakwambia hivyo, imeita cl, imeita gcc, imeita clang, moja moja kwa jina, hakuna ilioitika.

Sasa swali, kwa nini umepewa unga wakati mikate ipo? Kwa sababu kila wili imeandikwa imetengenezwa kwa Python ipi na mashine gani. Angalia jina kama hili

pandas-2.1.4-cp312-cp312-win_amd64.whl

hio cp312 maana yake Python 3.12, na win_amd64 ni Windows ya biti 64. Pandas 2.1.4 ilitoka Disemba 2023, na wili zake zinaishia 3.12. Python 3.13 imetoka Oktoba 2024. Kwa hio wakati ile pandas inajengwa Python yako ilikuwa bado kuzaliwa, hakuna aliekuwekea wili yake. Pip imetafuta cp313 haikuona, ikachukua msimbo ghafi ikasema basi tujenge. Na ili kujenga pandas inahitaji numpy kwanza, ikataka numpy chini ya 2, ikaangukia 1.26.4 ambayo nayo wili zake zinaishia 3.12, nayo ikawa inajengwa. Umeanza na kazi moja umejikuta na mbili, na ndio mana ilikaa muda wote ule pale kwenye build dependencies.

Na hata ungemaliza kushusha Build Tools nzima huenda bado ingegoma, mana sehemu za ndani za Python zinabadilika baina ya 3.12 na 3.13 na msimbo wa zamani unaita vitu ambavyo vimebadilishwa. Ungetumia bando lote halafu upate kosa jengine jipya, na ungedhani kosa ni lako.

Una njia mbili. Ya kwanza badilisha toleo la pandas, pandas ya kwanza kuwa na wili za 3.13 ni 2.2.3, kwa hio andika pandas>=2.2.3 kwenye faili ujaribu. Ya pili weka Python 3.12 pembeni ya hio ulionayo, hazigombani, halafu tengeneza venv, yaani folda yenye Python na pakeji zake peke yake

py -3.12 -m venv mazingira
mazingira\Scripts\activate
python -m pip install --upgrade pip
pip install --only-binary=:all: -r requirements.txt

Mie ningekwenda na ya pili kwa sababu msimbo si wako, umeandikwa na kujaribiwa kwa matoleo yale, na unataka ufanye kazi msimu haujaingia. Hio --only-binary=:all: ishike sana, inaiambia pip kama hakuna wili basi usijenge, sema mapema nijue. Inakata pale pale haikumalizii bando. Wili ya pandas yenyewe ni kama megabaiti 10 tu.


fundi_darajani:

Dada umesema maneno na mie nakiri hapo nlikimbilia. Sikuuliza Python ya ngapi na kumbe aliandika mwenyewe mwanzoni.

Naongeza tu kitu kimoja cha kuangalia, biti 32. Nimekutana na laptopu kadhaa za zamani pale dukani, mashine ni ya biti 64 lakini mtu kashusha Python ya 32, na pakeji nyingi siku hizi hazitoi tena wili za 32, matokeo yake ni haya haya kompaila kompaila. Fungua Python tu usome laini ya kwanza inakwambia 32 bit au 64 bit.

Ila nasimama kwenye hili, zipo siku Build Tools inatakiwa kweli. Kuna pakeji ndogo ndogo mwenyewe kaandika sehemu kwa C na hakuwahi kutoa wili za Windows, hapo huna ujanja. Kosa lake linakuja wazi kabisa

error: Microsoft Visual C++ 14.0 or greater is required

Na wenye kuiweka nawasihi wasikosee nnapoona watu wanakosea kila siku, wanafungua kiinstola wanabonyeza weka bila kutia tiki kokote, kinachoingia ni kiinstola chenyewe tu. Tia tiki ile ya C++, halafu upande wa kulia vinavyohitajika hasa ni viwili, MSVC (kompaila yenyewe) na Windows SDK, vyengine unaweza kuvitoa ukaokoa nafasi. Na kama intaneti ya kwako ni ya kubahatisha, kiinstola kile kinakubali --layout, unashusha kila kitu kwenye folda mara moja sehemu yenye intaneti nzuri unakwenda nayo kwenye diski.


mwl_mkoani:

Wadau mie nafundisha skuli huku Mkoani, chumba chetu cha kompyuta ni mashine za Ubuntu tulizozifufua wenyewe. Wanafunzi wangu wanajenga tovuti ya maktaba ya skuli kwa Django (ya kutengenezea tovuti kwa Python) na MySQL (ya kuhifadhia data), na kwetu kosa halisemi Visual C++, mashine moja inasema command 'gcc' failed, ya pili inasema

fatal error: Python.h: No such file or directory

na ya tatu nilipohangaika nayo ikasema haioni jina sahihi la pkg-config. Nilidhani mashine zina virusi au diski zimekufa. Je ni jambo lile lile?


dada_tunguu:

Mwalimu shikamoo. Ndio, jambo ni lile lile ila kwenye Linux linakuja kwa vipande, na nakuomba usizifute mashine, hazina ubaya wowote.

Hio pakeji ni mysqlclient bila shaka, ile inayoiunganisha Python na MySQL. Yenyewe kwa Linux unapewa msimbo ghafi tu, kwa hio hapa tofauti na ndugu yetu wa Mtambwe, hapa kujenga ni lazima. Mashine ya kwanza haina kompaila kabisa. Ya pili kompaila ipo lakini haikupata Python.h, hilo ni faili linaloieleza kompaila vitu vya ndani vya Python vimepangwaje, na Ubuntu haiwekei mtu mpaka aombe, anaetumia Python tu halimhitaji. Ya tatu imevuka yote mawili imekwama kwa MySQL, haijui laibrari zake ziko wapi. Ukiyatazama hivyo utaona kila kosa jipya lilikuwa ni hatua moja mbele, ulikuwa unasogea mwalimu wangu.

sudo apt update
sudo apt install build-essential python3-dev default-libmysqlclient-dev pkg-config

build-essential inakuletea gcc, g++ na make kwa pamoja. Halafu rudia pip ndani ya venv. Nasema ndani ya venv kwa sababu Ubuntu mpya zinakataa pip kuweka kitu nje yake, inakutolea externally-managed-environment, na watu wanailazimisha kwa --break-system-packages. Msiwafundishe watoto hilo, jina lake lenyewe linajieleza.

Na kama siku nyengine mtahamia PostgreSQL badala ya MySQL, kosa litakuwa pg_config haionekani, hapo ni libpq-dev, au kwa kujifunzia tumieni psycopg2-binary ambayo ni wili tayari.


mkaazi_chake:

Nidandie hapo hapo, mie ni wa Node (ya JavaScript) si Python. npm install, ndio pip ya kwetu, inanitolea gyp ERR! na ndani yake No module named 'distutils'. Sasa Node na Python wapi na wapi?


fundi_darajani:

Wanakutana kwenye node-gyp. Pakeji za Node zenye C++ ndani zinajengwa na node-gyp, na node-gyp yenyewe inatumia Python kupanga kazi, ndio mana inataka Python, make na kompaila ya C++. Distutils, laibrari ya kujengea pakeji iliyokuwa ndani ya Python, imeondolewa kwenye Python 3.12, node-gyp za zamani zinaitafuta hazioni. Apdeti Node na npm upate node-gyp ya 10 kwenda juu. Ikishindikana kwa haraka andika pip install setuptools, inairudisha distutils kwa mlango wa nyuma.


mwana_mtambwe:

Wadau ALHAMDULILLAH!!

Jana nlikwenda mpaka Wete mjini nkakaa sehemu yenye intaneti nkashusha Python 3.12, nkafuata amri za dada moja moja, zote zimepita kwanza kwanza. Hakuna jekundu hata laini moja. Nlikodoa macho kwenye skrini sikuamini, siku tatu na gigabaiti sijui ngapi halafu kazi imekwisha kabla sijamaliza chai. Jina la faili lilioshuka nimelisoma safari hii, cp312 win_amd64 kama ulivyoandika.

Usiku nimekaa na ami tukaingiza daftari la msimu uliopita la wiki moja, watu kumi na moja, ikatoa jumla. Katika watu hao wawili tumekuta walipunjwa pishi kwa makosa ya kujumlisha, si kwa kusudi, mwandishi alichoka tu. Ami kanyamaza kidogo halafu akasema hawa niwape haki yao kabla msimu mpya haujaanza. Mie nliona kama shida yote imelipwa hapo.

Sasa nina moja la mwisho. Laptopu itakayokaa shambani ni nyengine, ya ami, na kule mtandao haushiki kabisa. Nitaiwekaje bila intaneti?


dada_tunguu:

Mashallah, umenifurahisha kweli kweli, hasa hao watu wawili.

Bila intaneti ni rahisi madhali umeshaelewa wili. Kwenye laptopu yako ilioweza, mazingira yakiwa yamewashwa

pip download --only-binary=:all: -d mizigo -r requirements.txt

itakutengenezea folda ya mizigo na wili zote ndani, pamoja na zile zinazohitajika na nyenginezo. Ikopi kwenye flashi pamoja na lile faili la requirements.txt na kiinstola cha Python 3.12 chenyewe. Kwenye laptopu ya ami weka Python, tengeneza venv, halafu

pip install --no-index --find-links mizigo -r requirements.txt

--no-index maana yake usiguse mtandao. Sharti ni moja, laptopu ya ami iwe nayo Windows ya biti 64 na Python iwe 3.12 ile ile, usiweke 3.13 huko tukarudi mwanzo.


pwani_nungwi:

Na sie tunaojifunzia kwenye simu za Android kwa Termux, ile app ya kuandikia amri za Linux? Pip install numpy inakaa saa nzima simu inaungua mkononi halafu inafeli.


dada_tunguu:

Kwenye Termux wili za kawaida za Linux hazikubali, mana Android ina laibrari zake za msingi tofauti, kwa hio pip inajenga kila kitu na simu haiwezi mzigo huo. Usiipitie pip kwa numpy, andika pkg install python-numpy, wenyewe Termux wameshaijenga. Kwa pakeji ndogo zenye C weka clang na make kwa pkg halafu jaribu pip.


mwl_mkoani:

Marahaba binti yangu, nimechelewa kurudi nlikuwa na mitihani. Mashine ya kwanza, ya pili na ya tatu zote zimekubali, tovuti ya watoto imefunguka leo mchana mbele ya darasa zima. Nimewaambia kila mmoja aandike kwenye daftari lake kosa alilolipata na laini ipi ilimsaidia.

mwana_mtambwe, na sie tuna mashine mbili za Windows ambazo hazina intaneti. Hio folda yako ya mizigo naweza kuipata?


mwana_mtambwe:

Mwalimu shikamoo. Unaipata bila shaka. Jumamosi inshallah nashuka Chake kununua majamvi ya kuanikia, niandikie kwa ujumbe wa pembeni tukutane, njoo na flashi yenye nafasi. Ila naomba uangalie kwanza hizo mashine zako ni biti 64, kama ni 32 wili zangu hazitokufaa.


mwl_mkoani:

Nimezifungua sasa hivi. Moja 64, nyengine 32. Basi nakuja na flashi kwa ajili ya hio moja, na ile ya 32 ntaiwekea Ubuntu kama wenzake.


fundi_darajani:

Mwalimu kabla hujaitia Ubuntu hio ya pili, angalia kama prosesa yenyewe ni 64 na kilichowekwa ndani tu ndio Windows ya 32. Nenda kwenye System, soma palipoandikwa System type. Ikisema x64-based processor basi mashine ni 64 na Ubuntu mpya itakubali. Ikisema x86-based, Ubuntu za sasa hazitoi tena diski ya 32, hapo niambie, ninayo ya zamani ya Debian kwenye CD ntakutumia kwa boti.